Jinsi Mfumo Huria Ulivyofungulia Kiswahili Mlango

Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU. Alitaka programu ambazo mtu yeyote ataruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadilisha na kuwagawia wenzake. Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akaeleza kwamba anaandika mfumo endeshi kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Mwaka uliofuata aliuweka chini ya leseni ya Stallman, na kazi hizo mbili zilipokutana tukapata Linux.

Tanzania wakati huo kompyuta zilikuwa za kuhesabika. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wake mwaka 1974, na zuio hilo lilikuja kulegezwa polepole. Zilipoanza kuenea, zilikuja na Kiingereza chake. Karani aliyeandika barua zake zote kwa Kiswahili ilimbidi akariri menyu ya lugha nyingine ndipo aweze kuzihifadhi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Sweden, kikaanzisha mradi wa Kilinux, wa kutafsiri programu za namna hiyo kwa Kiswahili. Hapakuwa na kampuni ya kuombwa ruhusa, kwani leseni yenyewe ilikwisha kuitoa. Maneno yote anayoyaona mtumiaji yalikuwa wazi ndani ya mafaili: unayatafsiri, unaiunda programu upya, unaigawa. Kusema ni rahisi; kazi yenyewe ni maelfu ya vifungu vifupi, na neno likishachaguliwa sharti libaki lilelile kila linapotokea. Walianza na OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu, kwa kuwa iliendeshwa kwenye Windows na kwenye Linux pia. Mtu hakulazimika kuhama mfumo siku ya kwanza. Kwangu mimi, huo ndio uamuzi wao wa busara kuliko yote. Desemba 2004 ikatoka Jambo OpenOffice. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilikuwa imetangaza mpango wa kuileta Windows kwa Kiswahili, lakini huko uamuzi wa lini na kwa kiasi gani ulikuwa wa kampuni.

Haya yanazihusu hata shule za Kimuli, wilayani Kyerwa. Programu yenye leseni ya namna hiyo, yaani programu huria, ni kama mche wa mgomba: jirani anakupa, unaupanda, nawe unampa mwingine, na hakuna aliyeiba. Ikishapakuliwa mara moja, flashi moja yatosha kuifikisha shule nzima bila bando.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za mtumba haziwezi kupokea Windows 11. Mwenye mashine ya namna hiyo asiitupe. Anakili mafaili yake kwanza, kisha aijaribu Linux moja kwa moja kutoka kwenye flashi, bila kufuta kitu. Na walimu wetu wa Kiswahili wasikae pembeni: sehemu kubwa ya menyu za Linux bado ni Kiingereza, na ruhusa ya kuzitafsiri tunayo.