Bagamoyo: Mji Uliosimama Juu ya Mabega ya Watu

Kiswahili tunachosali nacho katika jumuiya zetu kilifika mashariki mwa Kongo kwa miguu, pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Mlango mmojawapo mkubwa wa misafara hiyo ulikuwa Bagamoyo, mji wa Tanzania ya leo unaokabili kisiwa cha Unguja. Tukiusoma mji huo, twasoma pia habari zetu wenyewe.

Bagamoyo haikujaliwa bandari yenye kina. Merikebu kubwa hazikuweza kukaribia ufuko wake. Lakini majahazi yalifika bila shida, na Unguja, penye Sultani, masoko na matajiri wa Kihindi waliokopesha mali, ilikuwa karibu. Hivyo katika karne ya 19 mji ukawa kikomo cha njia iliyotoka Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, ikapitia Tabora, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Ng'ambo ya ziwa, njia iliendelea hadi Manyema, ambako Tippu Tip na wenzake walijiimarisha Kasongo. Bara ilitoa pembe za ndovu; pwani ilirudisha nguo za merikani, shanga, nyaya za shaba na bunduki.

Mbung'o waliangamiza wanyama wa mizigo. Kwa sababu hiyo karibu mali yote ilisafiri mabegani mwa watu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliopatana ujira wao na kubeba takriban kilo 30 kila mmoja. Lakini njia hiyohiyo ilipitwa na mateka waliofungwa minyororo. Aliyelipwa na aliyeuzwa walikanyaga vumbi moja.

Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misioni Bagamoyo, wakawakomboa watumwa, hasa watoto, na kuwajengea kijiji. Mwaka 1878 Mapadre Weupe, waliotumwa na Lavigerie, walianzia hapo safari yao ya kwanza kuelekea maziwa makuu. Tunawashukuru, lakini tusifiche ugumu wa kazi yao. Mizigo yao nayo ilibebwa na wapagazi, na fedha iliyomkomboa mtoto iliingia mfukoni mwa mwuzaji. Kukomboa mmoja mmoja kulikuwa tendo la huruma, ila soko lenyewe lilibaki. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sultani aliposhurutishwa na Waingereza. Na mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara hiyo. Huruma ilihitaji kuandamana na haki.

Kisha njia ikahama. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao ya utawala wao Dar es Salaam, penye bandari yenye kina. Reli iliyoanzia huko ilifika Kigoma mwaka 1914. Mizigo ikapanda gari la moshi, na Bagamoyo, iliyoishi kwa mali ya kupita, ikafifia.

Twapenda kusimama upande wa mababu waliofungwa. Lakini Manyema ilitoa waliotekwa, na ilitoa pia vijana walioshika bunduki za wafanyabiashara na kuteka jirani zao. Yusufu naye aliuzwa na ndugu zake kwa msafara uliokuwa ukienda Misri. Wanunuzi walikuwa wageni, wauzaji walikuwa wa nyumba moja. Tukiwalaumu wageni peke yao, tumesoma nusu ya habari.

Leo malori yenye shaba na kobalti ya Katanga hushuka hadi bandari ya Dar es Salaam. Kabla ya madini kufika barabarani, mara nyingi kuna kijana aliyeyachimba kwa mikono na kuyabeba kwa gunia begani. Katika mkutano wetu ujao tujiulize: ni nani katika parokia yetu anayebeba mzigo ambao faida yake haioni? Ni nani kati yetu hufaidika kwa kunyamaza? Na ujira wa yule anayetusaidia nyumbani, je, tumempa kwa wakati? Tuanze na swali hili la mwisho, kwa maana jibu lake liko mikononi mwetu.