Hariri

Tuna hariri mbili: kitambaa kile laini, na kitendo cha kusahihisha maandishi. Zote zimetoka katika Kiarabu, na hiyo ya pili, huko kwao, hubeba pia maana ya kuweka huru. Ndiyo maana, kwa programu ya kompyuta ya kuandikia na kusahihisha maandishi, nalipendelea neno kihariri kuliko “edita”.

Chukua Vim, kihariri alichokitoa Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991. Kwenye terminali hakina vitufe vya kubofya. Unakiamuru kwa herufi, na tabia zake unazipanga mwenyewe katika faili iitwayo .vimrc. Humo ndimo uhuru ulimo, na matata pia. Juzi mistari yangu ilianza kuingia ndani kupita kiasi. Nilipokifungua kwa vim --clean, bila mipangilio yangu, kikatulia. Nikakiuliza :verbose set tabstop? kikanitajia faili na mstari uliobadilisha upana wa tab. Chombo kinachojieleza hivyo kinastahili kupendwa.

Moolenaar, aliyefariki mwaka 2023, hakudai malipo. Aliwaomba watumiaji wawachangie watoto wa Kibaale, kusini mwa Uganda, alikowahi kufanya kazi.