Palipoungwa

Juzi bomba lilivuja katika nyumba ninayopanga hapa Tunguu. Fundi akafungua kiungo, akasafisha nyuzi zake, akazungusha tepu nyeupe, akakaza. "Bomba zima halina neno, mwanangu," akasema. "Tazama palipoungwa."

Nikamkumbuka Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Kipindupindu kilikuwa kimeua watu wengi kisiwani mwaka 1869 na 1870. Yeye akaleta mjini maji ya chemchemi za upande wa Bububu kwa mabomba, na kwa hilo anasifiwa hadi leo.

Mabomba ya chuma ya zama zile kwa kawaida yaliungwa hivi: ncha ya moja iliingizwa katika mdomo wa jingine, katani ikashindiliwa, risasi iliyoyeyushwa ikamiminwa, kisha ikagongwa hadi ibane. Kiungo kikilegea na maji yakikatika, uchafu wa ardhini hunyonywa ndani. Maradhi yaliyofukuzwa hurudi kwa bomba lilelile.

Sultani alileta maji mara moja. Waliobaki na nyundo mitaroni, wakigonga viungo upya, ndio walioyafanya yaendelee kufika salama.