Gari na Akiba Zake, Mwanza ya Zamani
Reli ya Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, shehena zilipata wepesi, lakini aliyekusudia kuingia kwa gari ndani ya Usukuma, au kuvuka kuelekea Serengeti, bado alikabiliwa na udongo mweusi wa mbuga, ambao masika hunata mithili ya ulimbo. Hata Land Rover, iliyozinduliwa huko Amsterdam mwaka 1948, haikumwondolea dereva wajibu wa kuchukua springi ya akiba, mkanda wa feni, viraka na pampu, jembe, madebe ya petroli na maji, na, aghalabu ukisahauliwa, ubao wa kuweka chini ya jeki isididimie. Kwa rai yangu, ubao huo, usio na thamani sokoni, uliokoa safari nyingi kuliko injini.