Ukweli wa Wenzetu na Ukweli Wetu

Juma hili nataka tuzungumze habari za nchi yetu hii ya kusini, tangu huku Mbesa mpaka pwani ya Kilwa, na habari za mabwana wa mbali walioitawala kwa zamu. Lakini sitaanza na vitabu. Nitaanza na posa.

Si siku nyingi zilizopita nilikaa hapa Mbesa katika kikao cha posa, mimi nikiwa mjomba wa kijana. Kwa sisi Wayao, kama mjuavyo, ukoo hufuata mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mzee mmoja wa upande wetu aliponivuta kando akaninong'oneza: "Mwanangu, angalia. Hawa hawana ukoo. Mama yao wa kwanza aliletwa hapa na msafara. Alinunuliwa."

Alikuwa akisema habari za mwanamke aliyekufa zamani, vizazi vitano nyuma. Jina lake hakulijua. Alichojua ni kwamba alinunuliwa, basi.

Sasa tuulize: nani alimnunua, na nani alimuuza?

Njia iliyopita katika nchi yetu kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa ilikuwa njia ya pembe za ndovu kabla ya kuwa njia ya watu. Wareno waliiteka Kilwa Kisiwani mwaka 1505, wakitaka dhahabu ya Sofala, lakini hawakudumu. Mwaka 1776 akaja Mfaransa mmoja aitwaye Morice, akaandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka kwa mashamba ya visiwa vya Ufaransa. Baadaye wakaja watawala wa Oman waliohamia Unguja, na mikarafuu yao ikataka mikono. Katikati ya karne ya 19 Kilwa Kivinje ikawa bandari kubwa ya kusafirisha watumwa katika pwani yetu.

Hao wote walikaa pwani. Hawakuingia porini kukamata watu. Waliowapelekea watu ni wa bara, na wengi katika hao ni babu zetu Wayao. Wangoni nao, waliokuja kutoka kusini baada ya Zwangendaba kuvuka Zambezi mwaka 1835, waliishi kwa kuteka. Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu ni babu zangu mimi.

Tena si wote waliotekwa waliofika pwani. Wanawake wengi walibaki na wakubwa wa huku. Ziko faida waliziona: mke wa kawaida wa Kiyao ana kaka zake na wajomba zake, na watoto wake ni wa ukoo wake. Mke wa kununuliwa hana kaka wala mjomba wa kumtetea, kwa hiyo watoto wake walikuwa wa mume. Hivyo ndivyo wakubwa walivyoongeza watu wao. Mji mkubwa uliosifiwa ulijengwa kwa matumbo ya wanawake wasio na wa kuwalilia.

Akaja Mjerumani, akisema kwamba amekuja kukomesha utumwa. Mwaka 1886 mpaka kati yake na Mreno ukawekwa kwenye mto Ruvuma, na ndugu wa ng'ambo mbili hawakuulizwa. Mkubwa mmoja wa Kiyao, Machemba, aliandikiwa mwaka 1890 ajisalimishe. Akajibu kwa Kiswahili kwamba urafiki anakubali, ila kuwa chini ya utawala wake hakubali. Jibu hilo tunalisifu, na lastahili. Lakini Machemba huyo huyo alikuwa mfanyabiashara wa misafara.

Na Mjerumani mwenyewe hakuufuta utumwa. Alichofanya ni kutoa amri kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, na walio watumwa wakabaki. Tangu 1898 alitoza kodi ya nyumba, na mwaka 1905 watu wakainuka katika vita vya Maji Maji. Songea, tarehe 27 Februari 1906, watu 67 walinyongwa kwa siku moja, na Nduna Songea Mbano akanyongwa baada yao. Kisha askari wakachoma maghala na mashamba, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Wanahistoria wengine huhesabu waliokufa kuwa 250,000 na zaidi.

Mwingereza akaja na barua ya Shirikisho la Mataifa, na mwaka 1922 akatunga sheria ya kufuta utumwa kabisa. Kwa karatasi, mama yule, kama alikuwa hai, alikuwa huru siku hiyo. Uhuru wa Tanganyika tukaupata tarehe 9 Desemba 1961. Lakini katika kikao cha posa Mbesa, nduguzo, yule mama bado alikuwa hajaachiliwa. Mabwana wote wamekwenda zao, na sisi tumebaki tukimshika.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea mbele ya wajukuu wa walionyongwa, akasema anaona aibu, akaomba msamaha. Wako waliosema haitoshi, na mimi sibishani nao. Fuvu la Nduna Songea bado linatafutwa. Tuna haki ya kudai ukweli wote.

Lakini anayedai deni huleta daftari lake nalo likaguliwe. Kama Mjerumani anaweza kutoka kwao akaja kusema "tulifanya", sisi tunashindwaje kusema hivyo uani kwetu? Kusema hakumpunguzii Mjerumani deni lake hata senti. Mwizi wa ng'ombe hasamehewi kwa sababu mwenye zizi aliiba mbuzi. Ila mwenye zizi naye anajua mbuzi alikotoka.

Nilirudi kikaoni nikakaa. Mzee alinitazama. Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Kama kuna wa kuona aibu kwa mama yule kununuliwa, si wajukuu zake. Ni sisi tulionunua. Posa yetu iko palepale, kama mtatukubali." Upande wa binti walikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha mjomba wake, maana mjomba anaye, akasema: "Tumesikia. Tumekubali."

Yule mzee hakuja harusini. Nimekwenda kumwamkia mara mbili tangu hapo, na nitakwenda tena, kwa kuwa ni mkubwa wangu. Ninyi mnaonisikiliza, kama katika ukoo wenu yuko bibi asiyetajwa, ulizeni jina lake wakati wazee bado wapo. Tukutane juma lijalo, inshallah.