Kupambanua na kuchambua

Katika takwimu, maneno haya si pacha. Kupambanua ni kutenganisha vinavyofanana. Ndiyo kazi aliyoifanya mwanatakwimu Ronald Fisher mwaka 1936 kwa maua 150 ya iris ya aina 3, yaliyopimwa urefu na upana wa petali na sepali. Kuchambua, kama wachambuavyo pamba, ni kubakiza kinachofaa. Programu ya takwimu ya SPSS ikiagizwa kwenda hatua kwa hatua, huchambua vipimo kwanza: kwa maua hayo, huanza na urefu wa petali, unaotofautisha kuliko vyote, kisha huongeza kingine, na kilichoingia mapema chaweza kutolewa baadaye. Ndipo hupambanua. Ila kompyuta haijui botania. Hivyo, mtafiti, ijaribu kanuni yako ya kupambanua kwa maua mapya.