Nani Alimchotea Maji?

Siku ya tisa baada ya kujifungua nililia kuliko mwanangu. Chuchu zilikuwa zimepasuka. Mtoto ananyonya, anaachia, anapiga kelele. Nilikuwa kwa bibi, Chiwata, wilayani Masasi, kumaliza arobaini. Nikamwambia, "Bibi, maziwa hayatoshi. Nitamtuma mtu mjini aniletee ya kopo."

Bibi hakubisha. Aliuliza tu, "Na maji ya kuyakorogea atachota nani?"

Swali hilo lilinikumbusha kisa cha zamani. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka Masasi na Newala akikusanya habari za watu wa kusini. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1908 kimo kisa cha asili ya Wamakonde. Mtu mmoja wa porini alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha. Usiku ikageuka mwanamke. Wakashuka pamoja hadi Mto Ruvuma, mwanamke akazaa mtoto mfu. Wakaenda bonde la Mbwemkuru, wa pili naye akazaliwa mfu. Wakapanda tena juu, kwenye vichaka vya Mahuta. Huko mtoto wa tatu akaishi.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya uchongaji. Nikiwa na mtoto kifuani, nilisikia jambo jingine. Juu ya uwanda hakuna mito. Mvua huzama mchangani na kutokeza chini, kwenye chemchemi za mabondeni. Watu walikaa juu, maji yakapandishwa mteremko vichwani mwa wanawake. Yule mama wa kwanza, alipokuwa akimnyonyesha mtoto wa tatu, nani alimchotea maji? Kisa hakisemi.

Maziwa ya mama ni maji kwa zaidi ya asilimia 85. Kabla ya miezi sita mtoto hahitaji hata tone la maji mengine. Anayoyahitaji yote humfikia kupitia kwa mama yake, yakiwa salama. Kopo huvunja ulinzi huo, kwa sababu unga wake hutaka maji safi na kuni za kuyachemshia. Katika miaka ya 1970 dunia ilianza kuyalaumu makampuni yaliyoutangaza kwa akina mama wasio na maji safi. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kudhibiti biashara hiyo kwa kura 118. Marekani peke yake ilipinga. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994.

Lakini kanuni haibebi ndoo. Bibi aliolewa juu, upande wa Newala. "Mama yako nilimzaa kiangazi," aliniambia. "Siku ya saba nikashuka na mtungi, yeye mgongoni. Akilia njiani, nakaa chini ya mti, nanyonyesha, naendelea." Hakusema kwa kujisifu. Alisema kama mtu anayetaja deni ambalo halikulipwa.

Mimi sikubeba kitu. Mama mdogo na binti zake walichota maji, wakapika uji, wakafua nepi. Bibi alimsogeza mtoto akasema, "Mpe titi, usimpe chuchu peke yake." Akanyonya usiku na mchana. Baada ya siku chache maziwa yakajaa. Haukuwa muujiza, kwani titi hutengeneza zaidi kadiri linavyonyonywa. Lakini ili linyonywe kila saa, lazima mwenye titi awe amekaa, na mtu mwingine awe njiani na ndoo.

Sasa arobaini imekwisha. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inanipa siku 84 za likizo, na nikirudi kazini, muda usiozidi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Nilimweleza bibi. Alifikiri kidogo.

"Saa mbili," akasema. "Sisi kwenda na kurudi kisimani tu zilikuwa zinapita hizo."

Kisha akanyanyua ndoo yangu ya kuogea, akatoka nje kunijazia.